Nyundo Chini ya Kitanda

Usiku wa kwanza nilidhani ni panya.
Wa pili, nikadhani ni moyo wangu.
Wa tatu nikamwamsha Museve:
kuna mtu anabisha hodi
kutoka ardhini.

Akalaza sikio sakafuni, juu ya samadi niliyoipaka Jumamosi,
akasikiliza kama mkunga,
kisha akataja jina ambalo nyumba hii
haikuwa imelisikia miaka mitatu:
Shitsama.

Kaka yake. Tumbo moja, ziwa moja,
na ua mmoja wa michongoma
ambao baba yao aliupanda kwa kufuata kamba
kabla ya mtu yeyote kujua
kwamba mshipa wa dhahabu hausomi kamba.
Unaanzia kwa Shitsama, penye migomba,
unapita chini ya miiba,
chini ya kaburi la mzee (utusamehe, baba),
unaingia kwangu
upande ninaolalia.

Chifu alikwisha kupiga marufuku.
Bango la bati limepigiliwa kwenye mkaratusi:
MASHIMO YOTE YAMEFUNGWA.
Mchana, naam, yamefungwa.
Usiku kilima chote kinakohoa.

Mimi siingii shimoni. Sisi wanawake ni wa majini.
Naosha unga wa mawe kwenye karai,
napima zebaki kwa kifuniko cha soda,
nakanda kwa viganja vitupu.
Mwaka alioniposa, Museve alinifulishia pete
kwa sonara wa Kakamega, dhahabu ya shimo lake la kwanza.
Zebaki ikailamba. Ikawa nyeupe,
ikawa kama chaki,
na Jumapili moja, katikati ya sala, ikakatika.
Vipande viko ndani ya kibiriti.
Dalali naye hupima kwa njiti za kibiriti:
njiti moja, karo;
nusu njiti, unga na mafuta ya taa.
Pete yangu, alisema, haifiki hata kichwa cha njiti.

Basi Museve akachukua nyundo,
akateremka kwa kamba nyuma ya jiko,
akaenda kujibu.
Ko, ikasema huku.
Ko, ikasema kule.
Nami nimelala katikati, macho wazi,
kama mtoto wa wazazi wanaogombana.

Alhamisi jiwe likapasuka.
Tundu la ukubwa wa uso, alinieleza baadaye,
na usoni kwenye tundu, ndevu za baba yake.

"Huu ni upande wangu."
"Upande gani? Unaona mchongoma huku chini?"
Kisha yakaja yote, yakipanda kupitia sakafu yangu:
nani alimnyima fahali wa mzee nyasi asubuhi ya pambano,
nani hakuja mazishini,
nani alikuja na kukaa mbele.
Miaka mitatu ya maneno, na mwangwi wake.
Sikuwahi kumsikia mume wangu akiongea hivyo.
Nilikaribia kuwapelekea chai.

Ndipo taa za landrova zikageuka barabarani.
Nikapiga mguu chini mara tatu.

Afande akamulika shimo, akamulika kamba.
"La nani hili?"
"La choo, afande."
"Choo cha futi sitini?"
"Familia yetu ni kubwa."

Mwenzake alicheka. Yeye hakucheka.
Aliikata kamba kwa panga langu mwenyewe,
akaisikiliza ikianguka,
akaandika kitu, wakaondoka.

Sikulala. Kulipokucha nikazunguka ua,
mbali, kule pasipo na miiba,
njia ambayo miguu yangu ilikuwa imeisahau.
Nikawakuta barazani kwa Muhonja,
tope hadi kwenye kope, huwezi kujua yupi ni yupi,
wameketi bila kutazamana.
Kati yao jiwe, kubwa kama kichwa cha ndama,
na ndani yake ule uzi wa njano.
Kila mmoja ameliwekea mguu.

Muhonja akaniuliza kama bado natumia sukari.
Nikasema, kidogo.
Akakoroga. Hatukusema lolote kuhusu jiwe.
Na kutoka chini, mbali kidogo,
upande wa shule,
ko.